Riwaya ao kitabu cha ukweli: mbele ya kuchagua, jua swali lako



Kila tunapokutana na mtu akauliza "munasoma nini wakati huu?", majibu yanagawanyika mara mbili. Wa kwanza wanasema: mimi nasoma tu vitabu vya ukweli, historia, ekonomi, maendeleo, riwaya tuliacha sekondere. Wa pili wanasema: vile vitabu vyenu vinafanana na silabusi, nilimeza silabusi miaka mitano, sasa nataka hadithi. Halafu tunachekana, kila mtu anarudi kwake na mawazo yake yaleyale.

Mimi nilisoma agronomi, na katika fakilte yetu kundi la kwanza njo lilikuwa na nguvu. Mtu akionekana na riwaya mkononi wanamuuliza kama amehamia Letre. Leo nataka nieleze namna mimi ninavyochagua, na kwa nini ninaamini kwamba mtu wa sayansi asiyesoma riwaya atapata shida kazini, sawa vile mtu wa riwaya asiyesoma kitabu cha hesabu na ushahidi anaweza kudanganywa kwa urahisi. Si mambo ya kupenda tu. Wengi wetu tunatoka na diplome kwenda kushauri watu: mkulima, mgonjwa, mwanafunzi, mteja. Tunachosoma ao tusichosoma, wao njo wanalipa.

Tuelewane kwanza juu ya majina

Riwaya ni ile tunaita romani. Ndugu zake ni hadithi fupi na mchezo wa kuigiza. Kitabu cha ukweli ni kile kinachosema mambo yaliyotokea ao yanayopimika: historia, sayansi, maisha ya mtu, uchunguzi wa mwandishi wa habari, mwongozo wa kazi.

Watu wengi wanafikiri tofauti iko hivi: kimoja ni ukweli, kingine ni uongo. Hapana. Tofauti iko katika ahadi ambayo mwandishi anakupa. Mwandishi wa kitabu cha ukweli anakuahidi: nenda ukahakikishe. Akisema mwaka, fasi, jina, kipimo, wewe unaweza kwenda kuangalia, na ukimkuta amekosea una haki ya kumkosoa. Mwandishi wa riwaya hakuahidi hivyo. Yeye anakuambia: mtu huyu sikumkuta njiani, lakini mtu wa namna hii, akiwekwa katika hali hii, anaweza kufanya hivi. Na yeye pia unaweza kumkosoa. Kama mtu wake anabadilika bila sababu, ao anasema maneno ambayo mtu wa namna ile hawezi kusema, unafunga kitabu na kusema: hii haishiki.

Kwa hiyo vyote viwili vina kipimo, lakini si kipimo kimoja. Huwezi kupima uzito wa gunia kwa mita, wala urefu wa shamba kwa kilo.

Kazi ya kitabu cha ukweli

Nichukue mfano wa shamba, kwa sababu njo kwetu. Mnyauko wa migomba, ule technicien wanaita BXW, uliingia upande wa Kivu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Unaletwa na bakteria wa jamii ya Xanthomonas. Majani yanageuka manjano na kunyauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati, ukikata tunda unakuta ndani kahawia, ukikata shina linatoa majimaji ya manjano kama usaha. Dawa ya kuponya mgomba uliokwisha kushikwa hakuna.

Mambo haya huwezi kuyajua kwa kukaa na kufikiri. Lazima mtu akuambie kwamba ugonjwa unapita kwa njia mbili kubwa: wadudu wanaotembelea ua dume, lile "moyo" linaloning'inia chini ya mkungu, na panga linalotoka mgomba mgonjwa kwenda mgomba mzima. Ukijua hivyo, unaelewa kwa nini wanashauri kuvunja lile ua kwa mti wenye panda, si kwa kisu, na kupitisha panga katika moto ao katika javel kila unapomaliza shina.

Kuko jambo lingine zuri. Zamani ushauri ulikuwa: ukiona mgomba mmoja mgonjwa, ng'oa mama na watoto wake wote. Kazi ngumu kabisa, wakulima wengi walikataa. Baadaye watafiti, pamoja na majaribio yaliyofanyika huku mashariki ya Congo, waliona kwamba bakteria haingii katika kila mtoto wa mgomba. Ukikata mapema kila shina lenye dalili, na ukaendelea kufuata bila kuchoka, ugonjwa unapungua sana na shamba linabaki. Basi ushauri ukabadilika.

Hapa njo ninapendea vitabu vya ukweli: vinakubali kusahihishwa. Kitabu cha miaka 20 iliyopita na kitabu cha leo vinaweza kupingana, na hiyo ni afya, si ugonjwa. Njo maana kila mara ninapofungua kitabu cha namna hii naangalia kwanza mwaka kilipotoka.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi. Sisi wa agronomi tunafundishwa kufikiri kwamba njaa inatokea kwa sababu mavuno yamepungua. Inaonekana wazi hata bila kusoma. Lakini Amartya Sen, mwana-ekonomi wa India, aliona njaa ya Bengal ya 1943 kwa macho yake akiwa mtoto wa karibu miaka 10, na alipokuwa mkubwa alirudia hesabu. Katika kitabu chake cha 1981, Poverty and Famines, alionyesha kwamba chakula kilichokuwako Bengal mwaka 1943 kilikuwa kingi kuliko kile cha 1941, na mwaka 1941 hakukuwa na njaa ya namna ile. Mchele ulikuwako. Kilichotokea ni kwamba bei ilipanda wakati wa vita, na vibarua wa mashambani, wavuvi na mafundi wadogo mshahara wao haukufuata bei. Kwa makadirio yake watu karibu milioni 3 walikufa.

Hakuna riwaya inayoweza kukuthibitishia jambo hilo. Riwaya inaweza kukuonyesha familia moja ikifa na njaa, utalia, lakini utaendelea kuamini kwamba mvua njo ilikosekana. Ilihitajika mtu akae na meza za takwimu, gunia kwa gunia, mwaka kwa mwaka, ili hadithi ambayo kila mtu aliiamini ianguke.

Fasi ambapo fishi ya ufundi inanyamaza

Sasa turudi kwenye migomba. Wakati wa staji nilifuatana na timu moja katika kijiji kimoja cha Kabare. Muelekezaji wetu alieleza vizuri: dalili, panga, moto, javel, kukata mapema. Wakulima wakauliza maswali, wakapiga makofi. Halafu mama mmoja mjane akatuvuta pembeni akasema:

"Watoto wangu, nimesikia yote. Lakini ile safu ya migomba ya kule chini njo mpaka wangu na wa shemeji yangu. Siku nikiikata, kesho yake mpaka utakuwa umesogea."

Hakuna fishi ya ufundi iliyokuwa na sanduku la kujazia jambo hilo. Fishi inajua bakteria, haijui shemeji. Kwa yule mama, mgomba mgonjwa ulikuwa bado unafanya kazi: ulikuwa unasimama pale kama shahidi. Mbele ya kumwambia akate, ilibidi mtu aende kwa mkubwa wa kijiji, shemeji aitwe, mpaka upandwe miti mingine mbele ya watu. Kumbe kazi ya kwanza haikuwa ya panga.

Sasa, nani anatufundisha kusubiri sentensi ya namna ile? Silabusi haitufundishi. Mimi naona riwaya njo zinatufundisha, kwa sababu riwaya nzuri kazi yake yote ni hiyo: kumfuata mtu mmoja kwa siku nyingi, kutoka ndani, pamoja na deni lake, aibu yake, ndugu zake, na kile anachoogopa kupoteza lakini hasemi mbele ya mkutano.

Wengi wenu munamjua Chinua Achebe na kitabu chake cha 1958, ambacho kwa Kifaransa kinaitwa Le monde s'effondre na kwa Kiswahili kilitoka kama Shujaa Okonkwo. Sekondere tuliambiwa kwamba ni kitabu juu ya ukoloni. Ni kweli. Lakini kisome tena na macho ya mtu wa agronomi. Okonkwo ni kijana ambaye baba yake hakumwachia hata kiazi kikuu kimoja cha mbegu. Anaenda kwa tajiri wa kijiji kukopa. Tajiri anampa mbegu 800. Mkataba wa kulimia mbegu ya mwingine ni kwamba mlimaji anabaki na theluthi moja tu ya mavuno. Na mwaka uleule hali ya hewa inaharibika: mvua ya kwanza inadanganya, zile mbegu alizopanda mapema zinaungua na jua, akipanda zile za mkopo, mvua inarudi kwa fujo na kusomba udongo.

Huo ni mkopo wa mbegu, na hatari ya hali ya hewa, na mgawanyo wa mavuno. Mambo ambayo sisi tunayasoma katika kozi ya ekonomi ya vijijini, kwa maneno makavu. Ila katika riwaya unaona kitu ambacho kozi haisemi: kwamba ule mwaka mbaya haukuisha katika moyo wa yule mtu. Aliuvuka, akajenga juu yake ukali wote wa maisha yake. Ukikutana na mzee mkali katika kijiji, anayekataa mbegu mpya na hataki hata kusikiliza, unaanza kujiuliza: huyu, mwaka wake mbaya ulikuwa gani?

Swali hilo halina jibu katika kitabu. Lakini mtu ambaye hakuzoea kujiuliza hivyo ataandika tu katika raporo yake: "mkulima mgumu, hataki mabadiliko."

Tukio moja, vitabu viwili

Namna nzuri ya kuona tofauti ni kuchukua tukio moja na kulisoma mara mbili. Mimi ninapendekeza habari ya vijiji vya ujamaa vya Tanzania. Ni jirani zetu, ng'ambo ya ziwa Tanganyika tu, na lugha ya riwaya yenyewe ni hii tunayosema.

Kati ya 1973 na 1976 serikali ya Tanzania iliwahamisha wakulima na kuwaweka katika vijiji vilivyopangwa. Nia ilikuwa nzuri: maji, shule, dispansari, trakta, watu wakae karibu. Mtafiti wa Marekani James Scott, katika kitabu chake cha 1998 kinachoitwa Seeing Like a State, anasema waliohamishwa hawakupungua milioni 5. Anaeleza kwa nini ilikwenda vibaya. Vijiji viliwekwa kando ya barabara ili viongozi wavifikie kirahisi, hata kama mashamba yalibaki mbali. Watalamu walipenda mistari iliyonyooka na zao moja katika shamba, wakidharau mchanganyiko wa mazao ambao wakulima walikuwa na sababu zao za kuufanya. Serikali, kwa maoni yake, inapenda kile inachoweza kuhesabu, na kile isichoweza kuhesabu inakiona kama ujinga. Ukiwa mtu wa agronomi, kitabu hicho kinakuuma, kwa sababu wale watalamu wa mistari ni sisi.

Na mbele ya Scott, mwaka 1979, Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe katika ziwa Victoria, alikuwa amekwisha kuandika riwaya juu ya mambo yaleyale: Gamba la Nyoka. Ndani hakuna hesabu ya milioni. Kuna kijiji, kuna wazee wanaokataa kuhama, kuna vijana waliosoma wanaorudi na maneno makubwa ya maendeleo. Unawasikia wote. Hakuambii nani ana haki. Unacheka na wazee, halafu unaona kwamba nao wana ubinafsi wao. Unapenda vijana, halafu unaona kwamba elimu yao inawapandisha kichwa.

Ukisoma Scott peke yake, utajua kwa nini mpango ulishindwa, lakini wakulima watabaki kundi moja lisilo na uso. Ukisoma Kezilahabi peke yake, utawajua watu, lakini hautajua kama kijiji kile kilikuwa cha pekee ao kilikuwa kimoja kati ya maelfu. Ukisoma vyote viwili, unaanza kuangalia hata nyumbani. Huku kwetu pia, wakati wa Wabelgiji, vijiji vingi vilivutwa kando ya barabara, na mashamba yakapangwa kwa mistari katika mfumo ulioitwa paysannat. Waulize wazee mahali kijiji chao kilikuwa mbele. Wengi watakuonyesha mlima kwa kidole.

Mtu mmoja, kalamu mbili

Kama bado unafikiri kwamba lazima uchague kundi, mwangalie Valentin-Yves Mudimbe, mwana wa Likasi, aliyezaliwa 1941 na kufariki 2025. Mwaka 1973 alitoa riwaya Entre les eaux, juu ya padri Mwafrika anayeacha parokia na kuingia porini pamoja na waasi. Mwaka 1988 alitoa The Invention of Africa, kitabu kizito kabisa cha falsafa, kinachochunguza namna Wazungu, watafiti na wamisionari walivyojenga picha ya Afrika katika maandishi yao.

Swali linafanana katika vitabu vyote viwili: mtu aliyefundishwa katika lugha na fikra za wengine anaweza kusimama wapi? Lakini kwa swali la "fikra hizi zilijengwa namna gani, na nani, lini", Mudimbe alitumia uchunguzi. Kwa swali la "mtu mmoja anaishi namna gani katikati ya mambo mawili, usiku akiwa peke yake", alitumia riwaya. Msomi mkubwa kama huyo hakuona haya kubadilisha kalamu kufuatana na swali. Sisi tunaona haya ya nini?

Tusizidishe sifa za riwaya

Hapa lazima niseme ukweli pia kwa ndugu zangu wa kundi la pili. Wanasemaka kwamba kusoma riwaya kunamfanya mtu awe na huruma, na kwamba sayansi imethibitisha. Mwaka 2013 watafiti wawili, David Kidd na Emanuele Castano, walitangaza katika jarida Science kwamba watu waliosoma kipande kifupi cha hadithi ya fasihi waliweza zaidi kutambua hisia za wengine katika majaribio. Habari ikazunguka dunia. Lakini mwaka 2016 kundi lingine la watafiti lilirudia jaribio na halikupata matokeo yale. Basi tusiseme "imethibitishwa". Kuko watu wamesoma riwaya 100 na bado wanamtukana mama muuza ndizi.

Ninachosema mimi ni kidogo zaidi: riwaya inakuzoeza kuuliza swali fulani. Kama utaliuliza kweli ukiwa mbele ya mtu, hiyo ni kazi yako, si ya kitabu.

Na riwaya si ushahidi. Usiandike katika memwari yako kwamba wakulima wanakataa mbegu kwa sababu Okonkwo alifanya hivyo. Yule mama wa Kabare mwenyewe, sentensi yake moja haitoshi. Inakupa swali zuri tu: migomba ngapi katika kijiji hiki ni mipaka? Jibu lake linahitaji daftari, mita na kupita nyumba kwa nyumba. Yaani tumerudi tena upande wa ukweli unaopimika.

Vitabu vinavyovaa nguo ya mwingine

Hatari kubwa kwa kijana wa leo haiko katika riwaya wala katika kitabu cha ukweli. Iko katikati. Ni kile kitabu kinachokaa rafu ya ukweli lakini kinafanya kazi kama hadithi.

Katika kampisi zetu, kitabu kinachozunguka kuliko vyote kwa fotokopi na kwa PDF pengine ni Père riche, père pauvre cha Robert Kiyosaki, kilichotoka mara ya kwanza 1997. Nimekisoma, na kuko wazo ndani yake lenye faida: tofauti kati ya kitu kinachokuingizia pesa na kitu kinachokutolea pesa. Lakini wasomaji wengi, tangu miaka mingi, wamejiuliza kama yule baba tajiri aliishi kweli ao ni mtu wa kutungwa. Kama ingekuwa riwaya, swali hilo lisingekuwa na uzito. Ikiwa ni ushauri wa pesa, lina uzito sana, kwa sababu unakwenda kuweka akiba ya familia juu ya mfano wa mtu ambaye huwezi kuhakikisha maisha yake. Tena mfano unatoka Hawaii, fasi ambapo sheria za nyumba, benki na kodi si za kwetu.

Jambo lilelile linatokea na zile hadithi zinazopita katika telefone zetu: "mkulima mmoja alilima hektari moja ya nyanya, leo ana nyumba tatu." Kijiji gani? Msimu gani? Alitumia mbolea ya pesa ngapi? Nyanya ngapi zilioza njiani? Kimya. Ni hadithi iliyovaa nguo ya ukweli, na kuna vijana wamekopa pesa kwa sababu yake.

Namna mimi ninavyochagua

Pesa ni kidogo, kitabu kipya kutoka Ulaya kinapita chakula cha wiki nzima. Kwa hiyo mbele ya kununua, kuazima ao kujaza telefone, najiuliza maswali manne.

La kwanza: swali langu linaanza na neno gani? Likianza na "ngapi", "lini", "namna gani inafanya kazi", natafuta kitabu cha ukweli. Likiwa "kwa nini mtu mwenye akili timamu anafanya hivi wakati anajua matokeo", natafuta riwaya.

La pili: mwandishi ameahidi nini? Kama ameahidi ukweli, naangalia kama anataja miaka, fasi na majina ninayoweza kufuata. Kama anasema tu "rafiki yangu mmoja" kila ukurasa, naweka kitabu chini.

La tatu: kilitoka mwaka gani, na nani alimjibu? Kitabu cha ukweli kina majirani wanaokipinga. Natafuta angalau mmoja wao. Mwaka 1962 René Dumont, mtu wa agronomi wa Ufaransa, aliandika L'Afrique noire est mal partie. Ni kitabu muhimu, lakini anayekisoma leo bila kujua mwaka wake atapigana na Afrika ya zamani.

La nne, kwa riwaya: mwandishi anaijua fasi ile kwa miguu yake? Riwaya ya mtu aliyetembea katika matope ya kijiji inakufundisha matope. Riwaya ya mtu aliyeona kijiji kwa dirisha la gari inakufundisha dirisha.

Kwa upande wangu, munaniuliza nachagua kipi? Ukweli ni kwamba nasoma zaidi vitabu vya ukweli, karibu viwili kwa riwaya moja. Njo kazi inavyotaka. Vya ukweli navisoma mchana, na kalamu, kwa sababu bila kuandika pembeni sibaki na kitu. Riwaya naisoma usiku, bila kalamu, hata kwa telefone umeme ukikatika. Lakini kama mtu ataninyang'anya moja, nitalia zaidi kwa ajili ya ile riwaya moja. Namba za BXW naweza kuziuliza kwa mwenzangu wa INERA. Swali la yule mama na shemeji yake hakuna mtu wa kunikumbusha.

Nina ombi moja kwa wana-chama. Wengi wetu tuna vitabu vinavyolala chini ya kitanda. Tufanye hivi: mtu wa sayansi atoe kitabu kimoja cha fani yake, amkopeshe mtu wa Letre ao wa Sheria. Yule naye ampe riwaya moja. Mwezi mmoja, halafu munarudishiana, na kila mmoja anaandika mistari kumi tu hapa: kitabu kilinijibu swali gani, na kilishindwa kunijibu lipi. Huo mstari wa mwisho njo nausubiri zaidi.

Mimi nakopesha Gamba la Nyoka. Nakala yangu imechoka, ukurasa wa mbele hauko tena, lakini hadithi iko yote. Nani ananipa kitabu cha sheria ya udongo kwa lugha ambayo mtu wa kawaida anaweza kuelewa? Kuko mama mmoja Kabare ambaye bado ana mpaka wa migomba.